Pishi Moja kwa Wote: Habari za Kweli na Haki katika Pwani Yetu

Neno hili jubilei, tunalolitaja kila siku katika matengenezo ya sikukuu yetu, si neno la ngoma na karamu tu. Asili yake imo katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25. Huko Waisraeli waliagizwa kwamba kila mwaka wa 50 baragumu ipigwe katika nchi yote, na mambo mawili yatendeke: mtu aliyejiuza kwa sababu ya umaskini arudi huru kwa jamaa zake, na shamba lililotoka mikononi mwa wenyewe liwarudie wenyewe. Mtu na ardhi, hayo ndiyo mambo mawili ya jubilei. Nasi tukiitazama historia ya pwani yetu, toka Unguja na Bagamoyo mpaka hapa Madale, twaona ya kuwa mambo hayo hayo mawili ndiyo yaliyowapima waliotutangulia, na ndiyo yanayotupima sisi leo.

Tunaandika kwa sababu ya swali moja ambalo walimu wetu huulizwa na vijana. Husema, "Kila mtu na kweli yake. Lililo baya kwako ni jema kwangu. Wema na ubaya ni desturi tu, na desturi hubadilika kama majira." Wengine hunena hivyo kwa kutaka kujua, na wengine kwa kutaka kujificha. Mwenye swali hastahili kukaripiwa, bali kujibiwa. Lakini hatutajibu kwa maneno ya wanafalsafa. Tutajibu kwa habari za mambo yaliyotendeka katika nchi hii, kisha kila msomaji ahukumu mwenyewe.

I. SOKO LA MKUNAZINI

Katika karne ya 19 mji wa Unguja ulikuwa soko kubwa la watumwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Watu walitekwa katika nchi za bara, hata nchi zilizo kando ya ziwa Nyasa na ng'ambo ya Tanganyika. Wakatiwa kongwa na minyororo, wakatembezwa siku nyingi mpaka Kilwa au Bagamoyo, na huko wakapakiwa katika majahazi. Wengi walikufa njiani. Waliofika hai walisimamishwa sokoni Mkunazini, wakatazamwa meno na kupapaswa mikono na miguu, kama mtu amtazamavyo punda kabla ya kumnunua. Baadhi yao walipelekwa katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na baadhi wakavushwa mpaka Arabuni. Mji wetu wa Dar es Salaam nao, Sultani Majid alipoanza kuujenga katika miaka ya 1860, haukukosa jasho la watumwa katika majengo na mashamba yake.

Sasa angalieni sana jambo hili. Biashara hiyo haikuwa magendo. Ilikuwa halali mbele ya serikali, na ushuru wake ulitozwa forodhani. Ilikuwa desturi ya zamani, hata watu hawakukumbuka mwanzo wake. Ilileta faida kubwa kwa matajiri wa mjini na kwa mabwana wa mashamba. Wala waliokuwa na watumwa si watu waovu watupu. Miongoni mwao walikuwako watu wa heshima, wenye kusali na kutoa sadaka, wenye huruma kwa wageni na kwa mayatima.

Basi kama wema na ubaya hutoka katika sheria, utumwa ulikuwa na sheria. Kama hutoka katika desturi, ulikuwa na desturi. Kama hutoka katika kauli ya wenye nguvu, ama katika faida, vyote hivyo ulikuwa navyo. Kipimo kimoja tu haukuwa nacho, nacho ni haki ya yule aliyesimama sokoni na mnyororo shingoni, mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu kama aliyemnunua.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akisongwa na Waingereza na manowari zao, alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasisafirishwe baharini, na masoko ya watumwa yafungwe. Siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale pale Mkunazini. Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, akausimamia ujenzi kwa bidii kubwa, na siku ya Krismasi mwaka 1879 watu wakasali humo mara ya kwanza. Alipofariki mwaka 1882 alizikwa nyuma ya altare. Hata leo wageni huonyeshwa mahali hapo.

Lakini sisi twauliza swali jingine. Mtoto aliyeuzwa Mkunazini siku moja kabla ya sahihi ile, je, alidhulumiwa, au hakudhulumiwa? Kama sheria ndiyo ifanyayo haki, yatupasa kusema kwamba hakudhulumiwa, na ya kuwa mwenziwe aliyeuzwa kwa siri siku ya pili yake alidhulumiwa. Nani awezaye kusema neno hilo akiwa na mtoto wake mwenyewe magotini? Moyo wakataa. Wino wa Sultani haukuufanya utumwa kuwa mbaya. Ulikuwa mbaya tangu mwanzo, na wino ule ulikuja kukiri tu jambo lililokuwako.

II. MWAMBA ULIOKO CHINI YA MAJI

Mtu atatuuliza, "Kama kweli hiyo ni ya milele, mbona Wakristo wenyewe hawakuiona upesi?" Swali hili ni la haki, wala hatutalikimbia. Wareno walioanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593 walikuwa Wakristo, nao walitumia watumwa. Katika karne ya 18 Wafaransa walikuja Kilwa kununua watu kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao katika Bahari ya Hindi. Meli za mataifa ya Kikristo zilivusha mamilioni ya Waafrika katika bahari ya Atlantiki. Bunge la Uingereza lilikataza biashara hiyo mwaka 1807 tu, na utumwa wenyewe katika makoloni yake mengi likaukataza kwa sheria ya mwaka 1833. Na wako waliofungua Biblia wakitafuta aya za kuwatetea wenye watumwa.

Aibu hiyo ni yetu, nasi twaikiri. Lakini haithibitishi kwamba kweli hubadilika. Manahodha wa pwani hii wajua ya kuwa mwamba ulio chini ya maji hauanzi kuwako siku ile unapoandikwa katika ramani. Ulikuwako tangu zamani, nao ulivunja majahazi ya waliojua na ya wasiojua. Nahodha akisema, "Baba yangu alipita hapa wala hakuuona," mwamba hausogei kwa ajili ya maneno yake. Maarifa ya watu juu ya haki yaweza kukua polepole, na mara nyingine hurudi nyuma. Haki yenyewe haikui wala hairudi nyuma. Wala hatuwezi kusema kwamba twajua leo kuliko watu wa zamani, isipokuwa tukubali kwamba kuna jambo la kujuliwa. Asemaye, "Sisi leo twaona vizuri zaidi," amekwisha kukiri ya kuwa kuna kitu cha kuonekana.

Tena tusidhani kwamba kweli hiyo ililetwa na Wazungu ndani ya sanduku. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi, sura ya 2, afundisha kwamba watu wasio na torati wanayo sheria iliyoandikwa mioyoni, na dhamiri zao huwashuhudia. Ushahidi wake ulikuwako hapa pwani kabla ya misheni yoyote. Watumwa walitoroka. Walikimbilia misituni wakajenga vijiji vya watoro, ijapokuwa walijua adhabu ya kukamatwa. Hakuna mmisionari aliyewafundisha kwamba wamedhulumiwa. Hata jirani zetu Waislamu walilihesabu tendo la kumwacha mtumwa huru kuwa jambo la thawabu mbele ya Mungu, na mabwana wengi walipokaribia kufa waliwapa watumwa wao uhuru. Je, mtu hutafuta thawabu kwa kuondoa jambo lisilo na uzito wowote? Dhamiri ilisema hata pale sheria iliponyamaza.

Hapa walimu watenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Desturi za watu ni nyingi, na tofauti zao hazina hatia. Mavazi, mahari, vyakula, namna ya kuamkiana, namna ya kuomboleza, hayo Mungu ameyaachia watu, nao wameyapamba kila kabila kwa namna yake. Alaumuye desturi ya mwenzake kwa sababu si yake mwenyewe ana kiburi. Lakini kumwiba mtu, kushuhudia uongo, kumnyang'anya mjane na kumwua asiye na hatia si desturi kama kuvaa kanzu au suruali. Katika hayo pishi ni moja kwa wote.

III. BAGAMOYO NA RABAI

Wengine hudhani kwamba mtu akiamini kweli moja isiyobadilika, mambo yote humwia mepesi. Historia yaonyesha sivyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, walipofungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868, waliwakomboa watoto wengi kwa fedha na kuwapa makazi, masomo na kazi. Ni tendo la huruma, na watu wengi wa pwani ni wazao wa waliookoka hivyo. Hata hivyo liko swali gumu: je, fedha imkomboayo mtoto mmoja haimshawishi mwuzaji akateke mwingine? Mtu aweza kuijua haki, na bado akasumbuka usiku kucha akitafuta njia ya kuitenda.

Habari za Rabai, karibu na Mombasa, zafundisha zaidi. Huko chama cha misheni cha Kiingereza kilikuwa na kijiji cha Wakristo, na kiongozi wao mmoja alikuwa William Jones, Mwafrika ambaye alikuwa mtumwa alipokuwa mtoto, akaokolewa na kusomeshwa Bara Hindi, kisha akafanywa shemasi. Watoro wakaanza kuja Rabai mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Jones na wenzake hawakuwa na moyo wa kuwafukuza. Lakini wakubwa wa misheni walikuwa wamewaahidi wenye serikali ya pwani kwamba hawatawaficha watoro. Hata mwaka 1888, wenye watumwa walipoghadhibika na kutishia vita, ikaonekana ya kuwa mamia ya watu waliokaa chini ya kivuli cha misheni walikuwa watoro.

Ndugu, fikirini taabu ile. Kuwarudisha ni kumtoa mwanadamu apigwe na kuuzwa. Kuwaficha ni kuendelea na uongo juu ya ahadi iliyotolewa. Yuko atakayesema, "Basi tazameni, kweli na huruma zimegombana." Sisi twaona kwamba hazikugombana. Lililokuwa baya ni ile ahadi yenyewe, maana iliahidi kumtendea binadamu jambo ambalo hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuliahidi. Wakubwa waliitoa kwa kuogopa fitina, na hofu yao ikazaa uongo, na uongo ukakaribia kuzaa damu. Hatimaye mambo yaliwekwa wazi. George Mackenzie, wakili wa Kampuni ya Kiingereza, akapatana na mabwana wapokee fedha, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru wao.

Twalifurahia jambo hilo, wala hatulipambi kupita kiasi. Mabwana walilipwa. Waliolima miaka mingi bila mshahara hawakulipwa kitu. Na huko Freretown, kijiji kilichofunguliwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, msimamizi alitumia viboko na kifungo kwa ukali hata serikali ya Kiingereza ikatuma mtu kuchunguza. Mtu aliyeponywa mjeledi wa bwana akakutana na mjeledi wa misheni! Twayataja haya katika kitabu cha jubilei kwa kusudi. Anayehubiri kweli ya Mungu asidhani kwamba kweli hiyo ni fimbo yake ya kuwapigia wengine. Yeye ndiye wa kwanza kupimwa nayo.

IV. MPAKA WA VANGA

Sheria za uhuru zilikuja kwa miguu ya kobe. Mwaka 1890 Sultani Ali bin Said alikataza kuuza na kununua watumwa katika Unguja. Mwaka 1897 Sultani Hamoud alitoa amri kwamba mahakama zisikubali tena haki ya bwana juu ya mtumwa, lakini mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru, na bwana akapewa fidia, na masuria wakaachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya utumwa uliondolewa katika sheria mwaka 1907. Huku kwetu serikali ya Wajerumani ilitoa maelfu ya hati za uhuru, ikaamuru kwamba watoto watakaozaliwa tangu mwaka 1906 wawe huru, lakini utumwa wenyewe haikuuondoa. Katika Tanganyika uliondolewa na sheria ya mwaka 1922, katika utawala wa Waingereza.

Basi chukueni mwaka 1908. Mtu aliyesimama Vanga, upande wa Kenya, sheria haikumjua kuwa mtumwa wa mtu. Akitembea kuelekea kusini akavuka mpaka, aliingia nchi ambayo bado sheria yake iliwajua watumwa na mabwana. Je, mtu huyo alibadilika nini njiani? Damu yake, au roho yake aliyopewa na Muumba? Asemaye kwamba haki ni ile sheria ya mahali, na hakuna nyingine juu yake, yampasa kusema kwamba thamani ya mtu ilianguka mchangani pale mpakani, na akirudi aiokote tena. Sisi twasema kwamba sheria za pande mbili zilikuwa zikipimwa na pishi moja, na ya upande mmoja ikaonekana imepunguka.

Na pishi hiyo haikuhukumu tu, iliinua pia. Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyetekwa na kuwa mtumwa, aliokolewa akasomeshwa Unguja, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa ukasisi katika Misheni ya Vyuo Vikuu. Mtu aliyehesabiwa mali akasimama altareni akiwabariki watu. Pugu, iliyoshambuliwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri na baadhi ya wamisionari wake wakauawa, baadaye ikawa mahali pa shule mashuhuri, na Julius Nyerere akafundisha huko tangu 1952 hata 1955. Chama alichokiongoza kiliwaapisha wanachama wake kusema kweli daima. Kiapo hicho kilijulikana na watoto wa shule nchi nzima. Kama kilishikwa na wote, hilo ni jambo jingine, lakini hakuna aliyethubutu kusimama mbele ya watu akasema kwamba kiapo kile ni kibaya.

V. ASKOFU FRANK

Mtu mmoja wa jimbo la Unguja alionyesha maana ya pishi moja kuliko wengi. Frank Weston alikuja Unguja mwaka 1898, na tangu 1908 mpaka alipofariki mwaka 1924 alikuwa askofu. Watu walimwita Askofu Frank. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 walimu Waafrika wa misheni yake waliokuwa katika nchi ya Wajerumani walifungwa na kuteswa. Yeye mwenyewe alikusanya kikosi cha wapagazi wa Unguja, akatembea nao kwa miguu katika safari za vita. Kisha akaandika kwa ukali juu ya jinsi Wajerumani walivyowatenda Waafrika, na Waingereza wakayasoma maneno yake kwa furaha. Ni rahisi kusikia dhambi za adui.

Vita vikaisha. Mwaka 1919 serikali ya Gavana Northey katika Kenya ilitoa waraka wa kuwahimiza maofisa na machifu wawasukume watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua kwamba neno la ofisa mbele ya chifu si ushauri. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na kiongozi wa misheni ya Waskoti, walitoa maandiko ya kueleza hatari zake. Lakini walikubali ya kwamba kazi ya kulazimishwa yaweza kuwa lazima kwa wakati ule, mradi iwekwe katika sheria na kuangaliwa. Wale hawakuwa watu wabaya. Walidhani kwamba jambo baya likitiwa mipaka huwa dogo.

Askofu Frank alikataa. Mwaka 1920 akatoa kijitabu akiwaita watu hao watwana wa Uingereza. Hoja yake ilikuwa nyepesi kwa mtoto kuielewa: kumlazimisha mtu amfanyie kazi mtu mwingine kwa faida ya huyo mwingine ni jambo baya, na kulitia katika sheria hakulitakasi. Tuliyowalaumu nayo Wajerumani hayawi mema kwa kuwa yatendwa na Waingereza. Wako waliomwona msaliti wa taifa lake. Mwaka 1921 Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa makoloni, alitoa agizo kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena katika kuwakusanyia walowezi wafanya kazi. Si yeye peke yake aliyepigania jambo hilo, lakini sauti yake ilikuwa miongoni mwa zilizosikika mapema.

Ndugu, kama kweli ni mali ya kila taifa, Askofu Frank hakuwa na mahali pa kusimama. Angewahukumu Wajerumani kwa kweli ya Kiingereza, na nchi yake asingeweza kuihukumu kabisa. Alisimama juu ya mwamba ulio juu ya mataifa yote mawili. Ndiyo maana wanyonge huitegemea kweli isiyobadilika kuliko wenye nguvu. Mwenye nguvu hahitaji kweli. Ana askari, fedha na wanasheria. Mnyonge ana neno moja tu la kusema, "Hii si haki." Mkimfundisha ya kuwa haki ni mawazo ya watu tu, mmemnyang'anya silaha yake ya mwisho.

VI. MADALE

Sasa tuingie nyumbani. Madale yetu, nyuma ya kilima cha Wazo na si mbali na barabara iendayo Bagamoyo, zamani isiyo mbali ilikuwa mashamba ya mihogo, mikorosho na minazi. Kiwanda cha saruji kikaanza Wazo mwaka 1966, mji ukapanuka, na leo kila mwenye akiba kidogo atafuta kiwanja cha kujenga. Soko la watu lilikwisha. Soko la ardhi limefunguka, nalo si dhambi. Lakini humo ndimo kizazi chetu kinamopimwa.

Yajulikana kwa wote namna dhuluma itendekavyo katika viunga vya mji. Kiwanja kimoja chauzwa kwa watu wawili, wakati mwingine watatu. Jiwe la mpaka lasogezwa usiku. Mume akifa, hati yatokea ambayo mjane hakuiona maishani, na mashahidi wanne wameweka sahihi. Mmoja wao ni jirani. Alipewa fedha kidogo, akaambiwa, "Wewe weka jina tu." Naye akiulizwa asema, "Mjini mipango. Nisingetia sahihi mimi, angetia mwingine." Tazameni, ni maneno ya mabwana wa Mkunazini yaliyovaa shati jipya: ndiyo desturi, wote watenda, ina faida, na karatasi imepigwa mhuri.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameishika kwa amana kwa ajili ya wananchi wote. Neno amana ni zuri. Lakini sheria nzuri yasimama juu ya ulimi wa shahidi. Hakimu hakuwako siku mlipopima hatua. Mwenyekiti wa mtaa aweza kuwa mgeni. Ni jirani ajuaye mwembe ule ni wa nani, na akisema uongo, hakuna sheria ya kumrudishia mjane shamba lake kwa upesi. Ndiyo maana amri ya kukataza ushahidi wa uongo iliwekwa pamoja na amri za kukataza kuua na kuiba, maana ulimi waweza kutenda yote mawili.

Walimu nao wana kiwanja chao. Mtoto anayepewa majibu ya mtihani kwa siri, au alama asizozipata, hufundishwa somo moja ambalo halisahau, nalo ni kwamba kweli ina bei. Atakapokuwa karani au shahidi, atalikumbuka. Mwalimu asishangae akimkuta mtoto huyo mezani siku moja, naye mwalimu akiwa ndiye mjane.

Wengine watasema kwamba mkazo huu wa kweli moja huleta ukali na magomvi katika mji wenye dini na makabila mengi. Sisi twaona kinyume chake. Jirani yetu Mwislamu na sisi hatukubaliani katika mambo makubwa ya imani, wala hatufichi. Lakini tukikutana mbele ya baraza kwa habari ya mpaka wa shamba, wote wawili twajua kwamba uongo ni uongo. Kwa ajili ya hayo twaweza kukaa pamoja. Mji usio na kweli moja hauna amani, una mapatano ya wenye nguvu tu.

Na kwa Mkristo liko neno zaidi. Katika Injili ya Yohana, sura ya 14, Bwana wetu hakusema tu kwamba aijua kweli, alisema yeye mwenyewe ndiye kweli. Basi kweli si kitu tulichokishika mkononi, ni yeye ametushika sisi. Naye alisimama mbele ya Pilato, liwali aliyeuliza kweli ni nini kisha akatoka nje bila kungoja jibu, akamtoa asiye na hatia ili apate utulivu wa mji. Aulizaye hivyo bila kungoja jibu, mwishowe huyatawaza maji mikono yake na mwingine hubeba msalaba.

Kwa hiyo, ndugu, tuiadhimishe jubilei kwa namna ya Maandiko. Kabla ya siku ya sikukuu, kila aliyeweka sahihi isiyo ya kweli aende akaiondoe, hata ikimpasa kusimama mbele ya baraza. Kila aliyesogeza jiwe alirudishe mahali pake. Wazee wa kanisa wawe tayari kufuatana na mjane mpaka mahakamani, maana ni vigumu mtu kusema kweli akiwa peke yake. Walimu wawasimulie watoto habari za Mkunazini, za Rabai na za Askofu Frank, wakawaulize swali lile: aliyeuzwa siku moja kabla ya mkataba, je, alidhulumiwa? Watoto watajibu vema. Wazee wetu walisema kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Mungu atujalie upenzi huo, na baragumu itakapolia ikute mtu yu huru na shamba li mikononi mwa mwenyewe.